Kujadili Bei ya Gari Jipya la Chama: Kazi Huanza Nyumbani

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi. Yanachapwa hapa kwa faida ya vyama vyote wanachama.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo vyama vyetu hulifanya mara chache, pengine mara moja tu katika miaka kumi, lakini likifanywa vibaya huumiza hesabu za chama kwa misimu mingi. Jambo lenyewe ni ununuzi wa gari jipya kwa mawakala wa magari. Sitasema gari gani ni zuri kuliko jingine. Hilo mafundi wenu na barabara zenu zitawaambieni. Nitasema juu ya bei tu: imejengwa na nini, hulegea mahali gani, na katibu wa chama cha kijijini afanye nini ili alipe bei ya haki, si zaidi.

Neno kubwa ninalotaka mrudi nalo nyumbani ni hili: bei ya haki haipatikani kwa ufasaha wa ulimi mbele ya muuzaji. Hutengenezwa mezani penu, kwa karatasi na kalamu, kabla mtu yeyote hajapanda basi kwenda mjini.

FEDHA ZINAZOZUNGUMZWA NI ZA NANI

Kwanza tupime uzito wa jambo lenyewe. Tuseme pikapu mpya inatajwa kwa bei ya shilingi milioni 130, na tuseme kwamba kwa kujadili vizuri chama kingeweza kupunguziwa asilimia 4. Mtu anaweza kusema asilimia 4 ni kitu kidogo. Asilimia 4 ya milioni 130 ni shilingi 5,200,000. Ikiwa chama hukata ushuru wa shilingi 50 kwa kila kilo ya kahawa, basi fedha hizo ni ushuru wa kilo 104,000, yaani magunia 2,080 ya kilo hamsini hamsini. Mbebe akilini magunia hayo, myapange mstari mmoja kutoka ghalani hadi barabara kuu, kisha mjiulize kama mngeyaacha yapotee kwa sababu tu mjumbe wenu aliona haya kuuliza.

Mfanyabiashara binafsi akilipa zaidi, hasara ni yake na watoto wake. Katibu wa chama akilipa zaidi, amelipa fedha za mjane aliyeleta debe moja la kahawa na za kijana aliyeleta gunia kumi, bila wao kuwapo. Ndiyo maana kwetu sisi kujadili bei si ujanja wala ubahili. Ni sehemu ya uaminifu.

MUUZAJI HUMPIMA MNUNUZI KWA JICHO

Maduka mengi ya siku hizi huuza vitu kwa bei moja iliyoandikwa. Chumvi ina bei yake, na tajiri na maskini huilipa sawasawa. Wana-ushirika wa Rochdale, kule Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, walijijengea jina kwa uzani wa haki na biashara ya fedha taslimu. Lakini biashara ya magari mapya, hata katika nchi zilizoendelea, imebaki kwa kiasi kikubwa kuwa biashara ya majadiliano. Gari moja, siku moja, huweza kuuzwa kwa watu wawili kwa bei mbili.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1991 mtaalamu wa sheria na uchumi wa Marekani, Ian Ayres, na tena mwaka 1995 akiwa pamoja na mwenzake Peter Siegelman, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika maduka ya magari mapya ya eneo la Chicago. Watu waliofunzwa kujadili kwa namna ile ile walipelekwa kwa muuzaji mmoja kuulizia gari la aina moja. Wanaume Wazungu walitajiwa bei za chini kuliko wanawake, na kuliko watu Weusi. Maneno yalikuwa yale yale na gari lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni sura ya mtu aliyesimama mbele ya muuzaji, na makisio ya muuzaji kwamba mtu huyu atakubali kulipa kiasi gani.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2003 na Fiona Scott Morton pamoja na wenzake, uliangalia watu walioulizia bei za magari mapya kwa njia ya intaneti. Huko ile tofauti ya bei baina ya Weusi na Wazungu karibu iliondoka. Mnunuzi hakuwa tena sura mbele ya macho. Alikuwa swali lililoandikwa, nyuma yake yakiwapo maduka mengine yaliyoulizwa swali hilo hilo.

Ndugu Makatibu, mafunzo ya Chicago yanatuhusu. Katibu anapoingia katika duka la magari akiwa na vumbi la safari viatuni, muuzaji ameshaanza kumpima: huyu anajua bei za kwingine? Ana haraka? Atarudi nyumbani bila gari, au anaogopa kucheka­wa na wanachama? Bei ya kwanza atakayoitaja ni jibu la maswali hayo. Hatuwezi kumzuia asitupime. Tunaweza kuhakikisha kwamba kipimo chake kinamwonyesha mnunuzi anayejua anachotaka, ambaye ameuliza kwingine, na ambaye anaweza kuondoka.

BEI IMEJENGWA NA NINI

Ni vigumu kujadili jengo usilojua matofali yake. Bei ya gari jipya lililoletwa kutoka ng'ambo ina tabaka tatu.

Tabaka ya kwanza ni thamani ya gari likiwa limefika bandarini, pamoja na nauli ya meli na bima ya safari. Wakala hulilipa hilo kwa mtengenezaji kwa fedha za kigeni, na hana uwezo mkubwa wa kulibadili.

Tabaka ya pili ni kodi. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kitu kikifika bandarini kikiwa na thamani ya shilingi 100, kikatozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kinakuwa shilingi 125. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, hutozwa juu ya hiyo 125, wala si juu ya ile 100. Nayo ni shilingi 22 na senti 50. Jumla ni shilingi 147 na senti 50, kabla ya tozo nyingine na kabla muuzaji hajaongeza faida yake. Viwango hutofautiana kwa aina ya gari, na huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Kwa hiyo waulizeni maofisa wa Mamlaka ya Mapato kabla ya kununua. Ninalotaka mlione ni kwamba sehemu hii hailegei. Muuzaji anayesema, "Nitakupunguzia kodi," ama anacheza na maneno, ama anawakaribisha katika kosa la jinai.

Tabaka ya tatu ni ya muuzaji mwenyewe: gharama za duka na karakana yake, mishahara, na faida. Hapa ndipo penye kulegea. Tena faida yake haitoki katika gari peke yake. Hutoka katika kanopi na bampa anazofunga, katika bima anayowatafutia, katika mkopo anaowaunganisha nao, katika sevisi zitakazofuata, na katika gari lenu kuukuu analolichukua kama sehemu ya malipo. Muuzaji mjuzi huweza kulegeza kamba mahali pamoja huku akiivuta mahali pengine, nanyi mkashangilia punguzo la milioni mbili wakati zimekwisha kurudi mfukoni mwake kwa mlango wa nyuma. Kwa sababu hiyo chama kijadili jumla yote, huku kikiwa na kila sehemu ya jumla hiyo imeandikwa peke yake.

KARATASI YA BEI

Huko Marekani iko sheria ya mwaka 1958 inayotaka kila gari jipya libandikwe dirishani karatasi yenye bei inayopendekezwa na mtengenezaji, bei ya vifaa vya ziada, na gharama ya kulisafirisha. Hapa kwetu usitegemee kuikuta karatasi ya namna hiyo. Basi chama kijitengenezee yake.

Bodi ikutane, iandike kwanza gari linahitajiwa kwa kazi gani: mzigo wa kilo ngapi, barabara ya namna gani, kilomita ngapi kwa mwezi. Baadaye iandike sifa za gari, si jina la gari. Jambo hili ni kubwa kwetu kuliko lilivyo kwa Mmarekani. Yeye anaweza kwenda kwa wauzaji watano wa gari la jina moja akawashindanisha. Hapa nchini gari jipya la jina fulani mara nyingi lina wakala mmoja tu aliyeidhinishwa. Mkienda mkisema, "Tunataka jina hili na si jingine," mmeshampa wakala huyo kamba ya kuwafungia. Lakini mkisema, "Tunataka pikapu ya dizeli yenye milango minne, inayovuta kwa magurudumu yote, ya kubeba kama tani moja," basi Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Nissan Navara, Ford Ranger na Mitsubishi L200 zote zinaweza kusimama mstari mmoja, na kila wakala ajue kwamba hayuko peke yake.

Mkiisha kuandika sifa, tengenezeni karatasi moja yenye mistari hii, muipeleke kwa wauzaji wasiopungua watatu, kila mmoja aijaze na kuipiga muhuri:

1. Aina ya gari, mwaka lilipotengenezwa, na kama liko dukani au litaagizwa.
2. Bei ya gari tupu, kwa shilingi.
3. Kodi zilizomo katika bei hiyo.
4. Kila kifaa cha ziada na bei yake.
5. Gharama ya usajili na namba za gari.
6. Gharama ya kulifikisha gari chamani.
7. Waranti: miaka mingapi, kilomita ngapi, na mambo gani yanaivunja.
8. Sevisi za bure, kama zipo, na bei ya sevisi zinazofuata.
9. Mahali ilipo karakana na ghala la spea lililo karibu na chama.
10. Siku ya kukabidhi gari, na bei hii itadumu kwa siku ngapi.

Nimesema kwa shilingi. Tangu mwaka 2025 kanuni za nchi zinakataza bidhaa za ndani kutajwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Hata kama isingekuwa sheria, mkulima anayelipwa kwa shilingi asikubali bei inayopanda na kushuka pamoja na dola.

Majibu hayo yawe ya maandishi, ama ankara ya awali, ile ambayo maduka huiita proforma, ama karatasi yenu wenyewe iliyojazwa. Bei ya mdomo ni upepo.

Sasa tazameni faida ya kulinganisha mistari yote. Tuseme muuzaji wa kwanza anataja shilingi 126,000,000, na wa pili anataja 131,000,000. Kwa jicho la haraka wa kwanza ni nafuu kwa milioni tano. Lakini wa kwanza anauza gari tupu. Kanopi ni 3,500,000. Kulifikisha chamani ni 1,200,000. Sevisi tatu za kwanza ni 1,500,000. Na bima kubwa, ikihesabiwa kwa asilimia 3.5 ya bei, ni 4,410,000. Jumla ni shilingi 136,610,000. Wa pili ameweka kanopi, usafiri na sevisi tatu ndani ya bei yake; mnaongeza bima tu, 4,585,000, nayo jumla yake ni shilingi 135,585,000. Yule aliyeonekana nafuu amekuwa ghali kwa zaidi ya milioni moja. Hesabu hii ni ya mfano, lakini vitabu vya vyama vingi vina hesabu ya kweli inayofanana nayo.

MANENO MBELE YA MUUZAJI

Karatasi zikirudi, zifunguliwe mbele ya bodi na kuandikwa katika kumbukumbu za kikao. Bodi ichague wawili walio bora, iwaombe bei yao ya mwisho kwa barua, na iweke kikomo ambacho wajumbe hawana ruhusa ya kukivuka. Baada ya hapo ndipo waende mjini, wasiopungua wawili; mmoja azungumze, mwingine aandike.

Muuzaji ni mtu wa kazi yake, naye anastahili heshima. Hapana haja ya ukali, wala ya uongo. Msidai mmepewa bei msiyopewa. Muuzaji anazijua bei za wenzake, na uongo ukigunduliwa neno lenu limeisha nguvu. Nitatoa mfano wa mazungumzo jinsi yanavyoweza kwenda.

Muuzaji atasema: "Karibuni sana, wazee wangu. Chama chenu kinaweza kulipa shilingi ngapi kwa mwezi?"

Katibu ajibu: "Ahsante, ndugu yangu. Habari za mwezi tutafika baadaye. Leo tunataka kujua bei ya gari lenyewe, likiwa limekamilika."

Muuzaji: "Bei hii ni ya leo tu, Mzee. Kesho sikuhakikishii."

Katibu: "Tumekusikia. Lakini karatasi yako inasema bei itadumu siku thelathini, na uamuzi ni wa bodi. Kama kuna bei ya leo tu, tuandikie hapa tuipeleke."

Muuzaji: "Basi niambieni ninyi, mnataka kulipa ngapi?"

Katibu: "Tunayo bei ya mwenzako kwa maandishi, gari la kazi ile ile, limekamilika, shilingi kadha wa kadha. Gari lako tunalipenda. Unaweza kuja karibu na bei hiyo kiasi gani?"

Akiisha kusema hivyo, anyamaze. Wengi wetu tunaona ukimya kama ukosefu wa adabu, tunaharakisha kuujaza kwa maneno, na mara nyingi maneno hayo huwa ni kuongeza bei yetu wenyewe. Mwacheni muuzaji afikiri. Akisema hawezi kushusha bei ya gari, ombeni vitu: seti ya matairi ya akiba, sevisi mbili zaidi, kulifikisha gari bila malipo, mafunzo ya dereva. Pengine mkubwa wake hamruhusu kugusa bei lakini anamruhusu kutoa hivyo.

Wakati nao una thamani yake. Wauzaji wengi hupewa lengo la mauzo la mwezi au la robo mwaka, na siku za mwisho wa kipindi hicho mioyo yao hulainika. Vivyo hivyo umbo jipya la gari linapokaribia kuingia, magari ya umbo la zamani yaliyobaki dukani huwa mzigo kwa mwenye duka. Chama kilichopanga ununuzi miezi minne kabla ya msimu huweza kuchagua siku. Chama ambacho lori lake limekufa katikati ya mavuno huchaguliwa siku na muuzaji.

Nguvu kubwa kuliko zote ni kuweza kusema, "Tunashukuru, tutakwenda kufikiri," na kuondoka kweli. Mkirudi nyumbani bila gari siku hiyo, hamkushindwa. Na hili wanachama walijue mapema, ili wasimcheke mjumbe aliyerudi kwa basi.

MKOPO NA GARI KUUKUU

Sasa turudi kwenye lile swali la "ngapi kwa mwezi." Ni swali tamu, kwa maana linaficha jumla. Malipo ya mwezi yanaweza kushushwa kwa kurefusha miezi tu, huku mkilipa zaidi. Tena riba za jina moja hazina uzito mmoja. Tuchukue mkopo wa shilingi milioni 60 kwa miezi 36, riba asilimia 12 kwa mwaka. Ikiwa riba inatozwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, riba yote ni shilingi 21,600,000. Ikiwa inatozwa juu ya deni lililobaki tu, kwa malipo ya mwezi yaliyo sawa, riba yote ni kama shilingi 11,743,000. Tofauti ni zaidi ya milioni 9 na laki 8, na karatasi zote mbili zimeandikwa "asilimia 12." Ile ya kwanza, ikipimwa kwa kipimo cha pili, ni zaidi kidogo ya asilimia 21.

Kwa hiyo patanisheni bei ya gari kwanza kana kwamba mnalipa taslimu. Ikiisha kuandikwa, ulizieni mkopo mahali pengi, benki na SACCOS zikiwamo, na kila mahali muulize maneno mawili tu: riba inatozwa juu ya nini, na jumla yote tutakayolipa ni ngapi? Tena mkumbuke kwamba chama hakikopi kwa hiari ya katibu. Makisio ya mapato na matumizi pamoja na ukomo wa madeni hupitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Gari lililonunuliwa nje ya ukomo huo si mali ya kujivunia.

Gari kuukuu nalo liwekwe mbali na mazungumzo haya. Likiingizwa, muuzaji atawapa bei nzuri ya gari kuukuu na kunyima punguzo la gari jipya, nanyi hamtajua mmepata au mmepoteza. Litangazwe peke yake, liuzwe kwa zabuni iliyo wazi baada ya idhini ya wanachama.

BAHASHA NA STAKABADHI

Yako mambo mawili ambayo ni lazima yasemwe wazi.

La kwanza ni bahasha. Muuzaji anaweza kumwambia katibu, "Mzee, na wewe tutakuangalia." Kinachotolewa hapo hakitoki mfukoni mwa muuzaji. Ni sehemu ya bei, imekatwa katika punguzo ambalo chama kingepata. Mjumbe ajibu mbele ya mwenzake: "Kama kuna kitu cha kutuangalia, kiandike katika karatasi kama punguzo la chama." Jibu hilo halimtukani mtu, na mara nyingi bei hushuka hapo hapo. Mwaka 1966 Kamati Maalum ya Rais ilipochunguza vyama vya ushirika nchini, miongoni mwa kasoro ilizotaja ni wanachama kutokuwa na habari za kutosha za vyama vyao na upungufu wa watumishi wenye ujuzi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, vyama vikuu vilivunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Sababu zilikuwa nyingi, na si zote zilitokana na vyama vyenyewe. Lakini chama ambacho wanachama wake hawajui fedha zao zimetumikaje hakina wa kukitetea siku ya taabu.

La pili ni stakabadhi. Malipo yapitie benki, yaende katika akaunti ya kampuni, kamwe yasiende katika simu ya mtu. Mkitoa malipo ya awali, iandikwe kama yanarudishwa iwapo gari halikupatikana kwa siku iliyoahidiwa. Na mpewe stakabadhi ya mashine ya kodi yenye kiasi chote mlicholipa. Atakayewaambia, "Bila stakabadhi ni nafuu," anawauzia tatizo. Mkaguzi atakapofika hatasoma maelezo, atasoma stakabadhi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

SIKU YA KUPOKEA GARI

Bei ya haki ni bei ya kitu mlichokubaliana, si cha kitu kinachofanana nacho. Kabla ya kutia sahihi hati ya makabidhiano, linganisheni namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa katika karatasi. Someni kilomita. Tazameni ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho katika namba ya kiwanda: 2224, mathalani, ni wiki ya 22 ya mwaka 2024. Tairi zikiwa na umri wa miaka miwili, gari nalo huenda limekaa uani muda mrefu. Ulizeni mwaka lilipotengenezwa, na kama si ule ulioandikwa, bei ifunguliwe upya. Hesabuni funguo mbili, tairi ya akiba, jeki, kitabu cha sevisi. Fundi mnayemwamini awepo. Kilichopungua kiandikwe siku ile ile, kwa maana gari likiisha kuvuka lango la duka, nguvu ya mnunuzi hupungua sana.

TUNUNUE KAMA TUNAVYOUZA

Namalizia na jambo ambalo chama kimoja hakiliwezi, lakini sisi sote tunaliweza.

Wakulima wa Kilimanjaro waliosajili chama chao kikuu mwaka 1933 walikuwa na hoja iliyo rahisi: mkulima anayeuza gunia lake peke yake huambiwa bei, lakini wengi wakiuza pamoja hujadili bei. Hoja hiyo tumeishika katika kuuza, tukaisahau katika kununua. Chama cha bonde hili kinanunua pikapu mwezi wa Machi, jirani yake mwezi wa Mei, wa tatu mwezi wa Agosti, kila mmoja peke yake, kwa bei ya mtu mmoja, na hakuna anayemwambia mwenzake alilipa ngapi. Wauzaji wanazijua bei zote tatu. Sisi tu ndio hatuzijui.

Ninapendekeza mambo mawili, nayo hayahitaji fedha. Kwanza, kila chama kinachonunua gari kipeleke nakala ya karatasi zake za bei katika ofisi ya chama kikuu, zile zilizokubaliwa na zile zilizokataliwa, ili katibu wa chama kingine azisome kabla ya safari yake. Pili, mwanzoni mwa kila mwaka vyama vitaje magari vinavyokusudia kununua. Vikiwa vinne au vitano vyenye haja inayofanana, viandike barua moja. Wauzaji wana bei ya gari moja na wana bei ya magari matano, na hiyo ya pili haitajwi kwa mtu aliyekuja peke yake.

Ndugu zangu, muuzaji wa magari hufanya biashara hii kila siku, nasi mara moja katika miaka kumi. Hatutamshinda kwa ujanja. Lakini tukiingia na karatasi zilizokwisha kujazwa na wenzake, tukiwa wawili, tukiwa na kikomo kilichowekwa na bodi, na tukiwa na basi la kurudi nyumbani saa tisa, tutalipa bei anayolipa mtu anayejua. Hatuombi zaidi ya hapo, na wanachama waliotutuma wanastahili hivyo.